Kabla ya Kumwona Bingwa wa Kongosho

Mgonjwa wa Migori au wa Homa Bay aliyesumbuliwa na tumbo kwa miezi, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akapewa za minyoo na za kichocho, akapimwa malaria na homa ya matumbo zaidi ya mara moja, hatimaye hupelekwa kupigwa picha ya altrasaundi, na picha hiyo hurejea na karatasi ya mistari michache ambayo ndani yake pameandikwa kwamba kongosho limevimba kidogo, au kwamba halikuonekana vizuri, na kwamba yafaa matokeo hayo yalinganishwe na hali ya mgonjwa mwenyewe. Hapo ndipo jina la kiungo ambacho pengine hajapata kulisikia maishani mwake linapoingia nyumbani kwake, na fadhaa huingia pamoja nalo, kwani hazipiti siku mbili ila jirani amekwisha kumtajia saratani na shemeji amekwisha kumtajia kisukari. Daktari wa hospitali ya kaunti humwandikia barua ya rufaa kwenda kwa bingwa wa maradhi ya mfumo wa chakula, na kwa kuwa mabingwa hao ni wachache nchini na wengi wao maskani yao ni Nairobi, baina ya siku ya barua na siku ya miadi hupita majuma, na pengine miezi. Makala haya yanahusu muda huo wa katikati, ambao wengi huupitisha kwa kungoja na kuhofu tu, ilhali mambo ambayo bingwa atayahitaji zaidi yamo mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake, wala hayamo katika mashine yoyote ya Nairobi.

Kongosho ni tezi ndefu na laini, urefu wake takriban sentimita 15, iliyolala kwa upana nyuma ya mfuko wa chakula na mbele ya uti wa mgongo. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo, na mkia wake unafika karibu na wengu. Kazi zake ni mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni kutengeneza maji yenye vimeng'enya vya kusaga mafuta, wanga na protini, na kuyamwaga utumboni kwa mfereji ambao Johann Georg Wirsung aliugundua katika mji wa Padua mwaka 1642. Ya pili ni kutia katika damu homoni za kutawala sukari, insulini ikiwa ndiyo mashuhuri, kutoka katika vijisiwa vidogo vya chembe ambavyo Paul Langerhans, alipokuwa angali mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, alivieleza mwaka 1869. Mfereji wa kongosho aghalabu huungana na mfereji wa nyongo kabla tu ya kufunguka utumboni, na kwa ujirani huo kijiwe kidogo kilichotoka katika kibofu cha nyongo chaweza kuziba njia za wawili kwa pamoja, kikaleta manjano ya macho na uvimbe wa kongosho kwa mpigo mmoja.

Tabibu aweza kulishika ini kwa vidole, na wengu uliokua aweza kuuhisi chini ya mbavu, lakini kongosho halishikiki. Maumivu yake nayo hayana uaminifu: huanza chembe cha moyo, hupenya mgongoni, humfanya mtu ainame mbele akitafuta nafuu, na yote hayo yaweza kudhaniwa kuwa kidonda cha tumbo, au figo, au moyo. Kwa sababu hiyo bingwa wa kongosho hukaa mahali pa kadhi aliyeletewa shauri lisilo na shahidi wa macho. Hana budi kukusanya shahada za pembeni, kuzipima moja baada ya nyingine, kuitupa iliyo dhaifu na kuzishika zile zinazoafikiana. Katika uvimbe wa ghafla wa kongosho utaratibu huo umeandikwa kabisa: matabibu wa dunia nzima wamekubaliana kuwa ugonjwa huo huthibitika yanapopatikana mambo mawili katika matatu, nayo ni maumivu yenye sifa zake zinazojulikana, kipimo cha damu cha lipasi au amilasi kilichopita mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na picha inayoonyesha uvimbe wenyewe. Asomaye sharti hilo kwa makini ataona kwamba moja katika hayo matatu hutoka kinywani mwa mgonjwa.

Tena hata yale mengine mawili hayana maana bila tarehe. Amilasi hupanda katika damu saa chache baada ya maumivu kuanza, kisha hushuka, na kwa kawaida ndani ya siku tatu hadi tano huwa imerudi mahali pake. Lipasi hukaa zaidi, hata juma moja au mawili. Mtu aliyeanza kuumwa Jumatatu kisiwani Rusinga, akavumilia, akatumia dawa za dukani, akavuka na kupanda matatu hata akafika hospitalini Jumatatu ya pili, anaweza kupimwa amilasi ikaonekana safi kabisa, naye akaambiwa kongosho lake halina neno, kumbe kipimo kimefika baada ya mwizi kuondoka. Kinyume chake nacho hutokea, kwani amilasi hutoka pia katika tezi za mate, na hupanda kidogo kwa mtu mwenye matumbwitumbwi au mwenye figo zilizodhoofika, hivyo nambari iliyozidi kidogo si ithibati ya chochote. Kwa hiyo usiridhike kuandika kwamba "kipimo kilikuwa juu". Chukua karatasi yenyewe ya maabara, yenye nambari, na yenye kiwango cha kawaida cha maabara hiyo pembeni yake, kwa kuwa viwango hutofautiana baina ya maabara na maabara.

Na altrasaundi je? Mawimbi yake hayapiti katika hewa, na kongosho limefichwa nyuma ya tumbo na utumbo ambavyo aghalabu huwa na hewa ndani yake. Karatasi inaposema kongosho limezibwa na gesi, maana yake ni kwamba halikuonekana, na asije mtu akaelewa kwamba limeonekana likawa zima. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa afunge kwa saa sita hadi nane kabla ya picha, na anayekunywa chai na mandazi akiwa foleni kwa kuwa amechoka kungoja hujinyima mwenyewe jawabu. Altrasaundi ni hodari zaidi kwa vijiwe vya nyongo na kwa upana wa mifereji. Kongosho lenyewe huhitaji skani ya CT yenye dawa ya mshipani, au MRI ya mifereji, au ule mpira wa kamera ushukao tumboni ukiwa na altrasaundi ndogo nchani mwake, ambao haupatikani ila katika hospitali chache mno.

Sasa yapo mambo ambayo pwani hii ya Ziwa Victoria inayo kwa wingi kuliko nchi zilizoandika vitabu vingi vya kongosho, na bingwa aliyesomea mbali, au aliyezoea wagonjwa wa Nairobi tu, atanufaika akikumbushwa. La kwanza ni virusi vya Ukimwi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, ujulikanao kwa jina la KENPHIA, ulikadiria kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wale wa Migori walikuwa wakiishi na virusi hivyo. Miongoni mwa watu hao wamo waliotumia dawa tangu miaka ya mwanzo, zikiwamo stavudini na didanosini, ambazo zilijulikana kuwa zaweza kuumiza kongosho, na ambazo zimekwisha kuondolewa katika matibabu ya kawaida. Aliyezimeza zamani na aseme, hata kama leo anameza kidonge kimoja tu kwa siku na amesahau majina ya vile vya kale. Kadi yake ya kliniki inayo majina hayo.

La pili ni kifua kikuu, ambacho licha ya jina lake hakikai kifuani peke yake. Tezi zilizo kandokando ya kichwa cha kongosho zinapovimba kwa kifua kikuu, au chembe zake zinapoingia katika kongosho lenyewe, picha ya CT yaweza kuonyesha donge lisilotofautishika na saratani, na imepata kutokea katika nchi mbalimbali kwamba mgonjwa alipasuliwa kwa dhana ya saratani, kisha maabara ikakuta maradhi yanayotibika kwa vidonge vya miezi sita. Kwa mtu wa Homa Bay mwenye homa za jioni, jasho la usiku na uzani unaoshuka, swali la kwamba "yawezekana kuwa ni TB?" si ujuaji wala si ufidhuli; ni swali lililo mahali pake kabisa, na likosekanapo kinywani mwa daktari na liwepo kinywani mwa jamaa.

La tatu ni selimundu, ambayo imeenea katika nchi za kando ya ziwa kwa sababu ya malaria. Chembe za damu zinazovunjika kila siku huacha rangi inayoganda kuwa vijiwe katika kibofu cha nyongo, hata kwa watoto na vijana, na kijiwe kikishuka kikaziba mfereji, kongosho huvimba. Kijana mwenye selimundu anapolia kwa maumivu ya tumbo huwa ni rahisi mno kila mtu kusema kwamba ni yaleyale ya siku zote, akapewa dawa ya maumivu na maji ya mshipani, wala asipimwe lipasi. Fauka ya hayo kuna minyoo mikubwa ya duara, ambayo mara mojamoja hujipenyeza katika mfereji. Kuna kichocho cha utumbo, ambacho huumiza ini na kukuza wengu na hivyo kuchafua picha nzima ya maumivu ya tumbo. Na kuna chang'aa.

Kuhusu chang'aa lazima niseme jambo kwa pande zote mbili. Ulevi wa muda mrefu ni miongoni mwa sababu kubwa za uvimbe wa kongosho, wa ghafla na wa kudumu, na tumbaku huzidisha madhara hayo, bali yenyewe peke yake ni sababu. Kwa hiyo mgonjwa anayeficha kiasi anachokunywa huwa amempa tabibu wake hesabu yenye tarakimu ya uongo, na kila jumla itakayotoka humo itakuwa ya uongo. Lakini wako matabibu ambao wakiona mwanamume wa makamo mwenye maradhi ya kongosho huandika neno pombe kabla hajaketi, na mwanamume huyo, ambaye pengine ni mzee wa kanisa la Wasabato asiyepata kuonja, hurudi nyumbani akiwa na aibu juu ya ugonjwa. Andika ukweli wako, iwe ni glasi ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi, au iwe ni hapana. Na ukisema hapana, uliza kwa adabu ni sababu ipi nyingine itakayotafutwa.

Kwani sababu nyingine zipo, na mojawapo ina historia ya karibu nasi. Mwaka 1959 daktari aitwaye Zuidema alieleza habari za wagonjwa wa Indonesia, maskini na waliodhoofika kwa lishe duni, ambao kongosho zao zilikuwa zimejaa mawe ya chokaa. Na mwaka uliofuata A. G. Shaper, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika katika jarida la Lancet juu ya maradhi sugu ya kongosho na upungufu wa protini, kisha mwaka 1964 akarejea katika jarida la madaktari wa Uingereza na mjadala wa asili ya makovu na chokaa za kongosho zilizoonekana Uganda. Hali hiyo ikaja kuitwa kongosho la nchi za joto: huanza utotoni au ujanani kwa maumivu, mtu hukonda, kisha hupata kisukari, naye hakunywa pombe. Muhogo ulishukiwa kwa muda mrefu kwa ajili ya sumu yake ya sianidi, lakini wako wagonjwa wasiokula muhogo na mamilioni ya walaji wa muhogo wasiougua, na siku hizi wataalamu hutazama pia kasoro za kurithi katika jeni zinazolinda kongosho lisijisage lenyewe. Asitupe mtu unga wake wa muhogo kwa kusoma haya. Lakini kijana mwembamba wa Nyatike au Ndhiwa aliyepata kisukari, na ambaye utotoni aliumwa tumbo mara kwa mara, anastahili mtu atazame kongosho lake, na si sukari yake peke yake.

Saratani nayo ipo, na kuificha hakumsaidii mtu. Aghalabu hugunduliwa ikiwa imekwisha kusambaa, hushika zaidi wenye umri mkubwa, na dalili zake za kutiliwa maanani ni macho kuwa manjano bila maumivu makali, uzani kupungua pasipo sababu, na kisukari kinachozuka ukubwani kwa mtu anayekonda. Kipo kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9 ambacho watu hukiendea mbio kana kwamba ndicho hukumu, nacho si hukumu: hupanda pia mfereji wa nyongo unapozibwa na kijiwe tu, na wako watu ambao kwa maumbile ya damu yao hawatengenezi kabisa kitu hicho kinachopimwa hata wakiwa na saratani, na watu hao ni wengi zaidi miongoni mwa wenye asili ya Afrika kuliko miongoni mwa Wazungu. Kuna hata uvimbe wa kongosho unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe, ambao hujifanya donge la saratani, kisha ukayeyuka kwa vidonge vya prednisoloni. Kwa ajili hiyo, aliyekwisha kutumia prednisoloni au deksamethasoni, hata kama alipewa dukani kwa ajili ya pumu au viungo, na alete majina na tarehe, kwa kuwa dawa hizo zaweza kuwa zimepunguza uvimbe uliokuwa ushahidi.

Basi kaa na daftari. Andika siku maumivu yalipoanza mara ya kwanza kabisa, hata ikiwa ni kwa kukadiria kwamba yalikuwa kabla ya mitihani ya KCSE ya mwaka fulani au baada ya mavuno ya mahindi. Andika kila kipindi kilikaa muda gani, kilianza saa ngapi baada ya chakula, kiliambatana na kutapika au na homa, na kilitulizwa na nini. Bingwa atasema, "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja," na wengi hujibu kwa kupitisha kiganja chote, "Ni huku kote, Daktari". Jizoeze nyumbani wakati wa maumivu yenyewe kutazama mahali yanapoanzia na yanapokwenda. Aliyekwisha kupelekwa kwa mganga kwa dhana ya sihoho, yaani jicho baya, akachanjwa tumboni, asione haya, kwa maana jamaa hukumbuka siku ya kuchanjwa hata wanapokuwa wamesahau siku ya hospitali, na tarehe hiyo hueleza maumivu yalianza lini. Manyasi aliyokunywa, yaani dawa za mitishamba, nayo yaandikwe, na kama inawezekana kipande chake kifungwe katika karatasi.

Uzani ni shahidi asiye na upendeleo. Wanaohudhuria kliniki ya ARV hupimwa uzani katika kila ziara, na kinamama waliojifungua karibuni wanao uzani wao katika kijitabu cha kliniki. Nenda ukanakili nambari hizo pamoja na tarehe zake, nawe utampelekea bingwa kitu ambacho hata hospitali kubwa haiwezi kukitengeneza siku ya miadi. Kuhusu choo, vitabu husema kwamba kongosho lililochoka hutoa choo cha mafuta kinachoelea juu ya maji, lakini mwenye choo cha shimo ataona kuelea gani? Yeye na atazame kwa kusudi kama ni cheupe kuliko kawaida, kina harufu nzito isiyo ya kawaida, na kinanata ukingoni kikiacha mafuta. Mkojo ukigeuka kahawia nzito, siku yake nayo iandikwe.

Karatasi zote zipangwe kwa tarehe. Picha ya CT ichukuliwe yenyewe, katika filamu au katika sidii, pamoja na ripoti yake, kwani ripoti ni rai ya mtu mmoja na bingwa hutaka kuangalia kwa macho yake. Mgonjwa aliyefika na ripoti tupu mara nyingi hulipia picha mpya. Pawepo kipimo cha figo cha karibuni, kwa sababu ya ile dawa ya mshipani ya CT, na anayemeza metformini, dawa ya kisukari, aseme kabla ya kulazwa chini ya mashine. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pa bima ya NHIF. Ulizeni katika dawati la hospitali ya kaunti, kabla ya kupanda gari, ni kipimo kipi kinacholipiwa, kwa idhini ipi, na katika hospitali ipi, iwe ni ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo watu wa Nyanza wangali wakiiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, au ile ya Moi mjini Eldoret, au Kenyatta. Na mgonjwa asiende peke yake: mzee asemaye Dholuo au Kikuria afuatane na mtu atakayetafsiri bila kupunguza na atakayeandika majibu.

Maswali ya kuuliza hayahitaji kuwa mengi. Ni kitu gani hasa mlichokiona kinachowafanya mseme kongosho? Ni maradhi gani mengine yanayoweza kuleta hayohayo, na mtayaondoaje? Kipimo hiki mnachotaka, matokeo yake yakiwa hivi au vile, yatabadili matibabu? Ikiwa panahitajika kutolewa kipande cha nyama kwa maabara, kitatolewa kwa njia gani, na hatari yake ni ipi? Mgonjwa asishangae bingwa akimwambia kwamba bado hana yakini na kwamba picha irudiwe baada ya majuma kadhaa. Uvimbe uliotulia huonyesha kilichokuwa chini yake, na kusubiri kwa aina hiyo ni sehemu ya uchunguzi. La muhimu ni kuuliza atakayesoma picha hiyo ya pili ni nani.

Katika kungoja, pombe na tumbaku viachwe kabisa. Lakini macho yakigeuka manjano pamoja na homa na kutetemeka, au maumivu makali yakipenya mgongoni na kila kinywacho kikitapikwa, au choo kikiwa cheusi, au mgonjwa akipoteza fahamu au kukosa mkojo, barua ya miadi iwekwe kando na apelekwe hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Na siku atakapotoka kwa bingwa, asitoke bila barua ya kumrudia daktari aliyemtuma, yenye jina la maradhi linalodhaniwa, dawa alizopewa, na tarehe ya kurudi, kwa kuwa atakayemhudumia akizidiwa si bingwa wa Nairobi, bali ni daktari kijana wa zamu ya usiku, Migori au Homa Bay, ambaye hajapata kumwona.